Mwalimu Aliyesimamisha Picha

Mlango wake wa Al Mansoura ulikuwa na kufuli tatu, na zote alizinunua mwenyewe. Sisi wengine katika jengo lile tulikuwa na kitasa kimoja kilicholegea, na hatukuwahi kuibiwa hata kijiko, maana Doha ni mji ambao unaweza kusahau simu juu ya meza ya mgahawa na kesho ukaikuta imewekwa kando inakungoja. Siku moja nilimtania, nikamwuliza kama anaficha dhahabu. Hakucheka. Alisema, "Siogopi wezi. Wezi wanataka vitu." Kisha akaniuliza kama nimefanya kazi ya nyumbani.

Nilimwita Mwalimu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua vizuri, kwa Kikorea na kwa herufi zetu, lakini nimeshaona watu wanachoweza kufanya wakilipata.

Alikuwa mke wa mhandisi wa kampuni ndogo ya Kikorea, mtu aliyeondoka alfajiri kuelekea Industrial Area na kurudi na viatu vyeupe kwa vumbi. Sisi tulikaa orofa ya juu yao, mimi na Nekesa. Mimi nilikuwa mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja mjini, Nekesa alikuwa mlinzi kwenye duka kubwa, na raha yetu sote wawili ilikuwa tamthilia za Kikorea. Tulizitazama kwenye kompyuta yake, sauti juu, tukisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Alasiri moja mlango ukagongwa. Tukadhani amekuja kulalamikia kelele, na Nekesa alikuwa ameshaanza kuomba msamaha. Mama yule mfupi, nywele zimekatwa kama za mwanafunzi, alitazama kioo cha kompyuta na kusema kwa Kiingereza cha polepole, "Maandishi yenu yanadanganya. Hakusema anampenda. Amemwambia anyamaze."

Tangu siku hiyo tukawa wanafunzi wake. Darasa lilikuwa Ijumaa asubuhi, sebuleni kwake: sisi wawili, na wasichana wanne wa Kifilipino waliofanya kazi saluni ya jirani. Ada hakutaka. Alitaka kila mmoja aje na chakula cha kwao, naye alikula ugali wetu kwa kabichi yake iliyochachushwa kwa pilipili, ile ambayo harufu yake ilifika mpaka kwenye lifti. Maneno machache ya Kiswahili aliyadaka kwa Nekesa na kuyatumia bila huruma. Ukikosea, alikwambia, "Wacha wewe!" kwa lafudhi ya Bungoma kabisa.

Nusu saa ya mwisho ya darasa ilikuwa ya tamthilia, na hapo ndipo palikuwa na kanuni yake. Aliyewahi kuzitazama anajua: ikifika mahali fulani, mwanamume mwenye koti refu humkamata mwanamke kifundo cha mkono na kumvuta. Humvuta kutoka kwenye sherehe, kutoka kwenye mgahawa, kutoka kwa mwanamume mwingine. Muziki hupanda. Mwanamke huenda. Kila mkono huo ulipotokea, Mwalimu alisimamisha picha, na sote tukasimama wawili wawili. Mmoja alimshika mwenzake kifundo. Aliyeshikwa aligeuza mkono wake kuelekea kwenye kidole gumba cha mshikaji, kwa nguvu na mara moja, akachomoka na kusema, "Nwayo!" Maana yake, niachie. Sauti ilipaswa kutoka tumboni. Ikitoka kooni ulirudia.

"Vidole vinne ni ukuta," alitufundisha akinishika mwenyewe, na vidole vyake vyembamba vilikuwa na nguvu ambayo sikuitegemea. "Gumba ndio mlango. Usihangaike na ukuta."

Ziko tamthilia zilizotusimamisha mara tano kwa kipindi kimoja. Nekesa alikuwa akiishiwa na subira.

"Aki Mwalimu, si utuache kwanza tuone kama watakiss?"

"Wataonana kesho. Simama."

Sasa usidhani alikuwa mtu asiyependa mapenzi. Alilia kwenye tamthilia zile kuliko sisi sote. Alikuwa na taulo ndogo ya kijani ya kulilia, ameiweka juu ya mto wa kiti, na mtoto aliporudi kwa mama yake, au mama mkwe alipopiga magoti kuomba radhi, taulo ilikwenda machoni. Aliwachukia mama wakwe wa kwenye picha, na bado aliwatetea. Alisema wamefundishwa na watu waliowatesa. Alipenda nyimbo za wale vijana wa kucheza kwa mistari, akazijua hatua zao jikoni akiosha vyombo, halafu akakaa nasi kutueleza jinsi wasichana wa vikundi hivyo wanavyopimwa kilo kila wiki na kukatazwa kuwa na wapenzi, ili kila mwanamume wa nchi nzima aweze kudhani ni wake. Nilimwuliza anawezaje kupenda kitu anachokijua vibaya hivyo. Akasema, "Wewe unapenda nchi yako?" Nikasema naipenda. "Na unaijua?"

Na nchi yake aliipenda kwa namna iliyotushangaza. Ukutani alikuwa na ramani ya dunia, na bahari iliyo kati ya Korea na Japani alikuwa ameifuta jina kwa kalamu nyeusi, akaandika la kwao juu yake. Timu yao ya mpira ilipocheza, alivaa fulana nyekundu na hakuna aliyeruhusiwa kupita mbele ya televisheni. Lakini hao hao waliovaa fulana nyekundu ndio aliowafungia kufuli tatu. Siku mmoja wa wale Wafilipino alipomwuliza kuhusu mabibi waliochukuliwa na jeshi la Japani wakati wa vita, wakatumiwa na askari, Mwalimu alizima televisheni kabisa. Alisema wanaume wa kwao wanawalilia mabibi wale kwa machozi ya kweli. Wanawajengea sanamu. Lakini mabibi walikaa kimya miaka mingi sana kabla ya kusema, na hawakuwa wakiwaogopa Wajapani. Walikuwa wakiogopa majirani zao.

"Nchi yangu inampenda mwanamke akiumizwa na mgeni," alisema. "Akiumizwa nyumbani anaambiwa asiaibishe nchi."

Nilimfikiria shangazi yangu wa Nakuru, aliyefungwa bandeji na kuambiwa aseme ameanguka bafuni, na nilikasirika, kwa sababu nilikuja kwa Mwalimu ili nisifikirie mambo ya nyumbani.

Siri yake niliijua kwa bahati. Tulikuwa tukitazama tamthilia ya zamani, ile niliyoitazama nikiwa msichana, sebuleni kwa mama, miaka ile zilipoanza kuonyeshwa kwetu. Kuna mvua. Msichana ana mwavuli wa njano. Mwanamume anamfuata na kumkamata mkono, mwavuli unaanguka. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeibeba ile picha. Nakumbuka nilikwenda kulala nimejishika kifundo changu mwenyewe. Siku hiyo, Mwalimu hakusimamisha. Nilimgeukia nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa akisema maneno ya waigizaji kabla hawajayasema.

Wengine walipoondoka nilibaki kuosha sahani, nikamwuliza.

"Nilikuwa mwandishi mdogo kwenye ile kazi," alisema. "Mkubwa wetu alisema kipindi hakina joto. Nikaweka mvua na mkono. Watu wakapenda sana, wakaniambia niandike mwingine, na mwingine."

"Mimi pia niliupenda."

"Najua. Ndiyo maana nakusimamisha kila Ijumaa."

Halafu akanisimulia mengine akiwa amenipa mgongo. Miaka mingi baadaye alialikwa kuzungumza redioni kuhusu kazi yake, akaulizwa anajutia nini. Akasema angeandika upya leo, msichana angejichomoa mkono na kuokota mwavuli wake. Basi, ni hilo tu alilosema. Alilisema akicheka. Wiki hiyo wanaume asiowajua walianza kutuma picha ya mlango wa wazazi wake. Walimwita adui wa taifa, wakasema kwamba tamthilia ndizo zinazoipa Korea heshima duniani, na yeye anazitemea mate mbele ya wageni. Kazi zikakauka. Mume alipopata mkataba wa Doha, walifunga mizigo kwa siku nne. Watu huja huku kutafuta kazi. Yeye alikuja ili asijulikane, na kwetu sote aliweka sharti moja: uso wake usipigwe picha.

Mume huyo nilimpenda, niseme ukweli. Alikuwa mpole. Alitubebea madumu ya maji mpaka juu lifti ilipoharibika, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa na tabia moja tu. Ukimwuliza Mwalimu jambo mbele yake, alijibu yeye. Amechoka. Hapendi pilipili ya Wahindi. Atafikiria. Mwalimu alikuwa anatazama sakafu mpaka jibu la mumewe liishe, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya.

Mwaka wa tatu wa darasa letu, barabara zote zikiwa zimechimbwa kwa ajili ya reli, mkubwa wa kampuni yao alikuwa anakuja kutoka Korea. Wakaandaa alasiri ya utamaduni. Walikuwa wamesikia kuna Waafrika na Wafilipino wanaosema Kikorea, na walitaka tuonekane jukwaani. Mkataba wa mhandisi ulikuwa karibu kwisha. Ukiongezwa, Mwalimu angebaki Doha. Usipoongezwa, angerudi kule alikotoka, maana kibali chake cha kukaa kilikuwa ndani ya kibali cha mumewe. Yeye mwenyewe ndiye aliyetueleza hivyo, kwa maneno machache, ili tuelewe kwa nini amekubali.

"Mtaigiza ile ya mvua," alisema. "Na safari hii, usijitoe. Atakushika, utatazama chini, mwavuli utaanguka. Watapiga makofi, mtakunywa chai, mtarudi nyumbani." Alisema yote hayo akiitazama ramani.

Nekesa akawa mwanamume kwa sababu ya urefu. Mimi nikavalishwa nguo yao ya sherehe, sketi pana ya waridi iliyofungwa juu ya kifua. Mmoja wa wale wasichana wa saluni alisimama pembeni na chupa ya kunyunyizia nywele, ndiyo mvua, mwingine alikuwa akirekodi kwa simu yangu. Ukumbini kulikuwa na safu tatu za wanaume wa suti na nyuma yao wake zao, ambao waliitana kwa vyeo vya waume. Mwalimu alijificha nyuma ya pazia kutukumbusha maneno.

Nekesa alinikamata. Naapa nilikuwa nimepanga kutazama chini. Lakini mwili una mazoea yake, na mkono wangu ulikuwa umefundishwa kila Ijumaa kwa miaka mitatu. Ukageuka wenyewe kwenye gumba la Nekesa, ukachomoka, na sauti ikanitoka tumboni kwa namna ambayo sijawahi kuitoa darasani: "Nwayo!"

Ukumbi wote kimya. Na katika kimya hicho, nyuma ya pazia, Mwalimu alijisahau. Alipaza sauti kwa Kikorea, kwa furaha tupu, "Ndiyo! Hivyo hivyo!"

Mkubwa akacheka, akapiga makofi, kwa hiyo wote wakapiga makofi. Mhandisi ndiye aliyekuwa wa mwisho kupiga. Mwishoni tulimvuta Mwalimu jukwaani tukainama naye, na aliinama haraka, nywele zikimfunika.

Kosa langu nililifanya kesho yake asubuhi, nikinywa karak, chai yao nzito ya maziwa na iliki, kibandani chini ya jengo. Niliitazama ile video mara kumi. Nilijiona mzuri. Niliiweka kwenye kundi la wapenzi wa tamthilia, lenye watu wa nchi zote, na kwa sababu nilikuwa nakumbuka sharti lake, uso wake nikaufunika kwa ua la njano, lile lile nililokuwa nikimalizia kila ujumbe niliomtumia. Nilifunika uso kwa uangalifu mkubwa. Sauti sikuifikiria hata kidogo.

Siku mbili za kwanza zilikuwa asali. Wakorea walituandikia sifa ambazo sikuwa nimewahi kusifiwa na watu wa kwetu. Tazameni, lugha yetu imefika jangwani! Mwafrika amependeza katika nguo yetu! Fahari ya taifa! Nilishuka ngazi mbio kwenda kumwonyesha. Alisoma akiwa amesimama, akikisukuma kioo cha simu kwa kidole, na kadiri sifa zilivyoongezeka uso wake ulizidi kukosa damu. Aliufunga mlango nyuma yangu, kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Nani ameiweka hii?"

Ningesema ni mimi. Sentensi fupi tu. Nikasema, "Sijui Mwalimu. Labda mtu wa kampuni."

Alinirudishia simu. "Sasa hivi wanakutazama wewe na sketi," alisema. "Ngoja wasikilize."

Siku ya tatu walisikiliza. Mtu mmoja aliandika kwamba ile sauti ya nyuma ya pazia anaijua, aliisikia redioni. Mwingine akaziweka sauti mbili pamoja. Kufikia jioni nilikuwa sijulikani tena kama fahari ya mtu yeyote. Sasa, waliandika, yule mwanamke amekimbilia jangwani kuwafundisha wageni kuwatukana wanaume wetu, tena akiwa amewavalisha nguo ya taifa. Niliifuta video. Nekesa alinitazama kutoka kitandani kwake.

"Hiyo imeshaenda, dadangu. Hata ukidelete, watu wako nayo. Umemwambia lakini ni wewe?"

"Nitamwambia."

"Mwambie leo. Ukimwambia next week itakuwa kesi ingine."

Sikumwambia leo wala kesho. Wiki hiyo picha mpya ilitokea mtandaoni. Ilikuwa lango letu la buluu, na pembeni kibanda cha karak, na kwenye kibanda, mgongo wangu. Aliyeipiga alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara yetu, hapo hapo Al Mansoura, hatua ishirini kutoka nilipokuwa nikinywa chai. Mpaka leo sijui alikuwa nani. Nilianza kuwatazama watu mikono, kuona nani ameshika simu vipi.

Ijumaa tulikuta karatasi mlangoni: hakuna darasa. Nilibisha hodi. Mhandisi alifungua kufuli zote tatu, moja moja, akatokeza uso. "Mke wangu anapumzika," alisema. Nyuma yake niliona ukuta mtupu, ramani imeshatolewa. Kabla ya Ijumaa nyingine walikuwa wamehamia Al Wukair, na nyumba ilikuwa ya familia ya Kihindi iliyotumia kitasa kimoja.

Nilimwona tena baada ya miezi minne. Nilikuwa nimekwenda Al Wukair kumtembelea binamu yangu anayefanya kazi kwa familia moja huko, na tukaingia dukani kununua vitu. Binamu alikwenda kwenye nyama. Mimi nikaona, mbele ya kabichi, mwanamke mfupi mwenye barakoa na kofia, anabonyeza kabichi moja moja kwa gumba. Namna ile ya kubonyeza niliijua.

"Mwalimu."

Hakugeuka. "Usiniite hivyo hapa," alisema, akiendelea kuchagua. Kisha, polepole, "Umekonda. Kula."

Aliniambia mkataba haukuongezwa. Wanaondoka Jumamosi. Nikamwuliza swali la kijinga, kama huko wameshamsahau.

"Kuna mtu anaweka ua mlangoni kwa mama yangu kila Jumatatu," alisema. "Hakuna barua. Hagongi. Ua tu."

"Ua gani?"

Hapo ndipo aliponitazama. "La njano. Wameligeuza kuwa alama yangu. Wanaliweka chini ya kila kitu wanachoandika kunihusu."

Machozi yalinitoka mbele ya kabichi na karoti, na nikasema, hatimaye, miezi minne nikiwa nimechelewa, kwamba ni mimi.

"Nilijua siku ile ile. Nani mwingine anitumiaye ua?" Alitoa kitu mfukoni akanipa. Ilikuwa ile taulo ya kijani. "Ile siku ulijitoa vizuri sana. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nianze kuandika. Na nimekukasirikia. Yote mawili ni kweli, usinitake nichague."

Nilitaka kumwomba radhi kwa Kikorea, kwa ile namna ya heshima aliyotufundisha ya kuinama. Sikuwahi. Mumewe alitokea mwisho wa safu ya mboga, akaniona, akaja moja kwa moja. Hakusema kitu kwangu. Alimkamata Mwalimu kifundo cha mkono, kabichi ikaanguka kwenye toroli, na akaanza kumvuta kuelekea mlangoni. Hakuwa mkali. Alikuwa na uso wa mtu anayeogopa.

Niliona vidole vyake vinne na gumba lake juu. Nilisubiri. Mwalimu hakugeuza mkono. Basi nikasema mimi, "Nwayo," lakini ilitoka kooni, nyembamba, na mama mmoja mwenye toroli akageuka kutazama. Mhandisi alisimama. "Mke wangu amechoka," aliniambia kwa upole ule ule wa zamani, na wakaendelea.

Niliwafuata kwa macho. Milango ya kioo ilipofunguka na joto la nje kuingia, Mwalimu aligeuza mkono wake mara moja, kwenye gumba, kama anavyofanya mtu aliyefundisha wengine, akachomoka. Alisimama huru hapo kizingitini, mikono yote miwili ikiwa yake. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akatembea mwenyewe mpaka kwenye gari lile lile, akafungua mlango, akaingia, kwa sababu hakukuwa na gari lingine.

Jumamosi nilimwandikia ujumbe mrefu wa msamaha, kwa Kikorea, bila kuweka ua mwishoni. Simu yangu inaonyesha tiki moja tu. Imekuwa moja mpaka leo.